Mwongozo wa tiba si pambo la kabati

Katika nchi za Ulaya ya kaskazini uko ugonjwa wa kurithi unaojaza mwili madini ya chuma. Wataalamu huuita hemokromatosisi. Mtu aliyeurithi hufyonza chuma kutoka katika chakula kupita kiasi anachohitaji, siku baada ya siku, na kwa kuwa mwili wa binadamu hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi, chuma hicho hurundikana katika ini, katika moyo na katika kongosho. Mwenyewe hana habari, mpaka anapofikia umri wa miaka arobaini au hamsini ndipo ini linapoharibika na kisukari kinapoanza. Tabibu wa Kifaransa, Armand Trousseau, aliueleza mwaka 1865. Kasoro ya urithi inayouleta ilitambuliwa mwaka 1996. Nchini Ireland mtu mmoja kati ya watu wapatao 83 amerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama. Tiba yake si ya ajabu: mgonjwa hutolewa damu, chupa baada ya chupa, mpaka chuma kipungue.

Kwa ajili ya ugonjwa huo wataalamu wa huko wameandika miongozo ya tiba iliyo wazi. Chama cha wataalamu wa ini wa Ulaya kilitoa mwongozo wake mwaka 2010, kisha kikauandika upya mwaka 2022. Ndani yake daktari anaambiwa nani apimwe, kwa kipimo gani, ndugu wa mgonjwa waitwe lini, na damu itolewe kiasi gani. Hapana sababu ya kuwalaumu watu hao. Wamewatazama wagonjwa wao, wakawahesabu, wakawaandikia. Ndivyo inavyopasa.

Lawama iko kwingine. Iko katika kasumba ya baadhi ya wasomi wa hapa nyumbani wanaoamini kwamba kilichomo katika vitabu vya wenzetu ndicho ugonjwa, na kisichomo si ugonjwa. Kwa kuwa kasoro ile ya Ulaya ni nadra mno kwa Mwafrika asiye na nasaba ya huko, wasomi hao huhitimisha haraka: chuma kuzidi si tatizo la Afrika, tatizo la Afrika ni upungufu wa damu, basi mpe mgonjwa vidonge vya kuongeza damu, na asipopata nafuu mwongeze damu yenyewe. Hitimisho hili ni potofu. Na katika wilaya za mpakani kama Ngara na Biharamulo, ambako malaria ni kali na safari ya kwenda hospitali kubwa ni ndefu, upotofu huo hulipwa na watoto.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba habari ya chuma kuzidi katika mwili wa Mwafrika si ngeni. Mwaka 1929, mjini Johannesburg, daktari Strachan aliandika juu ya maini ya marehemu wa Kiafrika aliyoyakuta yamejaa chuma. Waandishi wa enzi hizo wakaupa ugonjwa huo jina la kibaguzi la Wabantu, wakaridhika kusema kwamba kisa chake ni pombe ya kienyeji iliyopikwa katika mapipa ya chuma, wakafunga mjadala. Iliwachukua watafiti zaidi ya miaka sitini kuuliza swali ambalo kwa mgonjwa wa Ulaya lingeulizwa siku ya kwanza: je, hakuna urithi ndani yake? Utafiti uliofanyika Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba pombe peke yake haitoshi kueleza jambo hilo, na kwamba yaelekea uko urithi unaoshirikiana na chuma cha chombo. (Rubisi ya Kagera, kwa sababu huchachushwa katika mtumbwi wa mti, haina kosa hilo, ingawa makosa yake mengine yanafahamika. Pipa la chuma ndilo la kuangaliwa.)

Lakini kwa Ngara na Biharamulo shauri kubwa zaidi si la pombe. Ni la selimundu, ambayo wananchi wengi huiita sikoseli. Huu nao ni ugonjwa wa kurithi, nao pia huishia kujaza mwili chuma, ila kwa njia nyingine: chuma hakiingii kwa mlango wa chakula, kinaingia kwa mkono wa mganga.

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye nusu ya urithi huu, yaani aliyeupata kwa mzazi mmoja tu, hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Ndiyo sababu urithi huo umeenea katika nchi za malaria, na hasa kuzunguka Ziwa Victoria. Mtoto anayeupokea kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Chembe zake nyekundu za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kumletea maumivu makali, nazo hufa mapema. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 wa namna hiyo kila mwaka. Uchunguzi wa sampuli zaidi ya 17,000 za damu ya watoto wachanga kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba mtoto mmoja katika kila watano ana nusu ya urithi huo, na zaidi ya mmoja katika kila mia ana ugonjwa wenyewe. Damu hiyo ilikuwa imekwisha kukusanywa kwa kazi nyingine, ya kupima virusi vya Ukimwi. Wataalamu wakaitumia mara ya pili badala ya kungoja fedha za mradi mpya. Hapo kuna funzo kwa kila ofisi inayolalamika kwamba haina fungu.

Sasa na tumfuate mtoto mmoja wa namna hiyo katika kijiji chochote cha Rulenge au cha Nyakahura. Ana miaka mitatu. Macho yake ni ya manjano, vidole vimevimba, ni mweupe viganjani. Mama yake anampeleka zahanati. Akikuta mtumishi asiyefundishwa juu ya selimundu wala kupewa mwongozo, mtumishi huyo atafanya nini? Ataona damu imepungua, na kwa upungufu wa damu shuleni alifundishwa dawa moja: madini ya chuma. Atampa chupa ya dawa ya maji au vidonge vya kusaga, na kumwambia mama arudi baada ya mwezi. Mtumishi huyo si mvivu wala si mjinga. Amefanya lile ambalo alama za mgonjwa zilimwelekeza kufanya.

Tatizo ni kwamba mtoto huyu hakupungukiwa na chuma. Damu yake ni chache kwa sababu chembe zake hufa mapema, na kila chembe inapokufa chuma chake hubaki mwilini kikingoja kutumika tena. Anachohitaji kwanza ni vidonge vya asidi ya foliki, kinga ya malaria, kinga ya vichomi, na maji mengi. Kumwongezea chuma bila kupima ni kuongeza mzigo juu ya punda aliyekwisha kulemewa. Wapo, bila shaka, wenye selimundu ambao pia wamepungukiwa na chuma, hasa kwa minyoo ya safura. Ndiyo maana neno lenyewe la mwongozo ni kupima.

Baada ya miezi, malaria inampata. Damu inashuka ghafla, na sasa anakimbizwa Murgwanza, au Nyamiaga, au hospitali ya Biharamulo. Anaongezewa damu, na damu hiyo inamwokoa. Hapa isitokee mtu akapotosha maneno: kuongezewa damu huokoa maisha, na mzazi anayeambiwa na daktari kwamba mwanawe anahitaji damu asisite hata dakika moja. Lakini hesabu nayo isisahauliwe. Mwili wa mtu mzima hupoteza miligramu moja au mbili tu za chuma kwa siku. Chupa moja ya damu ya mtu mzima huleta miligramu 200 hadi 250. Mtoto hupewa kidogo zaidi, kwa maana hupimiwa kwa uzito wake, lakini na mwili wake ni mdogo vile vile. Anayeongezewa damu mara tatu kwa mwaka, miaka mitano mfululizo, ameingiziwa chuma ambacho mwili wake hauna mlango wa kukitolea. Chuma hicho kitakwenda pale pale kilikokwenda kwa mzee wa Ireland: katika ini, katika moyo, katika tezi zinazomfanya kijana abalehe na akue. Tofauti ni kwamba mzee wa Ireland alifikia miaka hamsini kabla ya kuumwa, na ana mwongozo.

Wala hawezi kutibiwa kwa kitabu cha mzee huyo. Kitabu kile kinasema: mtoe damu. Utamtoaje damu mtoto ambaye damu yake haitoshi? Kwake chuma hutolewa kwa dawa maalumu zinazokishika na kukitoa nje, na dawa hizo ni ghali, zinahitaji vipimo vya mara kwa mara vya figo na ini. Kwa wilaya ya mpakani, basi, njia ya busara ni kukizuia chuma kisiingie bila sababu. Nayo njia hiyo ipo. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza chembe zinazopinda. Watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale walifuatiliwa wakiitumia, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, malaria ilipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, na vifo vilipungua. Huo ni ushahidi wa Afrika, uliopatikana kwa watoto wa Afrika, miwili kati ya miji hiyo ikiwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Kwa habari ya madini ya chuma na malaria, nchi hii ina ushahidi wake mwenyewe, tena ulioshtua ulimwengu. Kisiwani Pemba, watoto wadogo zaidi ya 24,000 waliandikishwa katika majaribio ya kupewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Iliaminika kote duniani kwamba zawadi hiyo haina ubaya. Mwaka 2003 kamati ya usalama ilishauri ugawaji huo usimamishwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalisema kwamba waliopewa chuma walikuwa na hatari ya kufa au kulazwa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Uchunguzi mdogo uliofanywa ndani ya majaribio hayo ukaonyesha upande wa pili: waliokuwa wamepungukiwa chuma kweli walinufaika. Chuma kilikuwa dawa kwa anayekihitaji na madhara kwa asiyekihitaji, malaria ikiwapo. Shirika la Afya Duniani likalazimika kubadili ushauri wake, na maelekezo yake ya mwaka 2016 yanataka chuma kinapotolewa kwa watoto katika nchi za malaria, kiende pamoja na hatua za kuizuia, kuipima na kuitibu malaria. Kwa maneno mengine, watoto wa Pemba ndio walioifundisha Geneva. Je, inaingia akilini kwamba funzo lililolipiwa na watoto wa Pemba lifike Geneva na lisifike zahanati ya Murusagamba?

(Hili halimhusu mama mjamzito. Vidonge anavyopewa kliniki ni haki yake na avimeze.)

Wako watu wanaodai kwamba kazi imekwisha kufanywa, kwa kuwa Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa tiba ya selimundu mwaka 2020. Hapana anayekana. Kazi ya Muhimbili tangu mwaka 2004, chini ya wataalamu kama Profesa Julie Makani, ni ya kujivunia. Kliniki ya Bugando huko Mwanza ni ya kujivunia. Na upandikizaji wa uloto uliofanywa katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023, uliwaonyesha wenye dharau kwamba Watanzania wanaweza. Lakini mwongozo si kitabu. Mwongozo ni jambo analolijua mtumishi saa nane za usiku, taa ikiwa hafifu na mama akiwa analia. Kitabu kinachokaa katika kabati la mganga mkuu wa wilaya, au kinachosomwa katika semina hotelini mjini kisha kikarudi kwenye bahasha pamoja na hati ya posho, hakijawa mwongozo bado. Ni karatasi.

Na hapa ndipo ulipo ugonjwa mwingine, ugonjwa wa urasimu. Miongozo mingi ya tiba nchini huandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mhudumu wa afya wa kijiji hakuitumia hata mara moja kuzungumza na mgonjwa. Huandikwa na madaktari wa hospitali za rufaa wakiwa na mashine zao akilini. Humo utasoma kwamba mgonjwa apimwe feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma. Lakini mwandishi hasemi afanye nini mtumishi wa kituo kisicho na mashine ya feritini. Kumwambia mtu afanye asichoweza, kisha ukamhesabia kosa, ni dhuluma. Mwongozo uliokamilika humwambia pia la kufanya anapokuwa hana kitu: ahesabu chupa. Wataalamu wanafahamu kwamba baada ya kuongezewa damu mara kumi hadi ishirini hivi, mzigo wa chuma hauna budi kushukiwa na mgonjwa kupelekwa mbele akapimwe. Kuhesabu mpaka ishirini hakuhitaji mashine.

Lakini nani anahesabu? Mtoto aliongezewa damu Murgwanza mwaka huu, mwakani Biharamulo kwa sababu mama alikuwa kwa ndugu zake, mwaka wa tatu Bugando. Isipokuwapo kumbukumbu moja inayosafiri naye, kila hospitali itadhani chupa yake ndiyo ya kwanza.

Wengine watasema kwamba wilaya hizi ziko mbali, zina shida nyingi, na mambo kama haya yangoje. Hoja ya umbali imekwisha kupungua nguvu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Chato, ambayo hadi miaka ya 2000 ilikuwa sehemu ya Biharamulo yenyewe. Na msafiri wa Mwanza hangojei tena kivuko cha Busisi tangu daraja lilipofunguliwa Juni 2025. Hoja ya uwezo nayo ni dhaifu. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakiyakimbia mauaji ya Rwanda, na wilaya ya Ngara ikawapokea. Wilaya iliyofanya hayo haiwezi kuambiwa kwamba haina uwezo wa kuhesabu chupa za damu za watoto wake. Tena wakazi wa mkoa huu wa Kagera waliyeyusha chuma kabla ya Ulaya kuwa na hospitali. Mabaki ya tanuri za Katuruka, karibu na Bukoba, yana umri wa miaka ipatayo elfu mbili. Itakuwa kichekesho kikubwa chuma kiwashinde leo.

Walimu nao wasidhani shauri hili ni la hospitali pekee. Mtoto wa selimundu aliyenusurika miaka mitano ya mwanzo, ambayo bila matunzo huwaua nusu yao au zaidi, ndiye yule aliyeko darasa la tatu, mdogo kuliko wenzake, asiyekuja shule wakati wa baridi, anayeandikwa mtoro katika daftari la mahudhurio. Ndiye anayeamriwa kukimbia mchakamchaka au kuchota maji, akianguka anaitwa mzembe. Mwalimu anayemwadhibu mtoto huyo kwa fimbo anamwadhibu kwa damu aliyorithi. Mwalimu huyo huyo, akijulishwa, anaweza kuwa mtu wa kwanza kijijini kumwambia mzazi: macho haya ya manjano yapelekwe yakapimwe. Vipimo vya haraka vya tone moja la damu ya kidoleni vipo; havihitaji maabara kubwa.

Watumishi wa umri mkubwa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu cha Kiswahili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Waliofanya kazi ile walijua kwamba elimu ya afya isiyopita katika lugha ya watu haifiki. Haieleweki kwa nini miaka hamsini baadaye, simu ikiwa katika kila mfuko na redio za jamii zikiwa katika kila wilaya, mambo manne juu ya chuma na damu yashindwe kutoka Dodoma kufika Kabanga.

Maana ni manne tu, na yanaenea katika ukurasa mmoja wa kubandikwa ukutani. Mtoto mwenye damu chache na macho ya manjano, au mwenye vidole vilivyovimba, apimwe selimundu kabla ya kuandikiwa vidonge vya chuma. Aliyekwisha kujulikana kuwa na selimundu apewe asidi ya foliki na kinga ya malaria, na asipewe chuma mpaka upungufu wake upimwe. Kila chupa ya damu iandikwe katika kadi yake ya kliniki, tarehe na kiasi, na mama aambiwe aitunze kadi hiyo kama anavyotunza cheti cha kuzaliwa. Aliyefikisha mara kumi apelekwe Chato au Bugando, akaanzishiwe haidroksiyurea ikiwa hajaanza, na akapimwe feritini.

Ukurasa huo unaweza kuandikwa na waganga wakuu wa Ngara na Biharamulo katika kikao kimoja, wakiwaalika wauguzi wawili wa zahanati na mzazi mmoja mwenye mtoto mgonjwa ili wawaambie ni neno gani halieleweki. Wizara ikiuona unafaa, iuchapishe kwa nchi nzima. Bohari ya Dawa iulizwe, kwa barua yenye tarehe, haidroksiyurea ya watoto itafika lini katika wilaya hizo mbili na kwa kiasi gani, na jibu lake lisomwe katika baraza la madiwani.